Wewe au Jamaa Yako

Nilitolewa kizazi bila kuulizwa. Nilikwenda kutolewa uvimbe, na mtoto hata mmoja nilikuwa bado sijajaaliwa. Nikiwa chumba cha upasuaji nimeshalazwa usingizi kwa sindano, daktari alimwita mume wangu Shuaib mlangoni, akasema naye, Shuaib akatia saini. Mimi habari nilipewa na mwanamke aliyekuwa akipiga deki wodini. Alinipa pole akidhani najua.

"Shukuru Mungu u hai," Shuaib aliniambia nilipomuuliza. Hakuongeza neno. Mwaka haukwisha akaniacha, akaoa kijijini Mkokoni, na huko ana wana. Mimi nilirudi kwa mama hapa mjini Amu, nashona kofia za waume wa watu.

Mwaka huu alikuja Cherotich, msichana wa bara anayefanya kazi ya utafiti. Alikuwa na maswali ya kupima kama hospitali humsikiliza mgonjwa. Yalitungwa kwa Kiarabu, huko Uarabuni, na Maalim Abdulkadir wa mtaani kwetu ndiye aliyeyatia katika Kiswahili. Sasa walikuwa wakiyajaribu kwa watu waliowahi kulazwa, waone kama yanaeleweka. Nilimtandikia mkeka kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akasoma: "Je, wewe au jamaa yako mlielezwa matibabu na kuyakubali kabla hayajafanywa?"

"Mimi sikuelezwa."

"Na jamaa yako?"

"Shuaib aliambiwa."

"Basi hapo jibu ni ndiyo, Bi Tima."

"Ndiyo ya Shuaib. Nenda ukamwandikie yeye. Kizazi kilikuwa chake?"

Aliweka kalamu chini. Kisha akaniambia kwamba kwenye Kiarabu swali lile ni la mgonjwa peke yake. Jamaa waliongezwa hapa kwetu.

Nilivaa buibui nikaenda kwa Maalim, nikamkuta barazani.

"Mwanamke wa Kiamu haulizwi kama asiye na wenyewe," alinijibu. "Nimewatilia heshima. Ndiyo ndia yetu, ndivyo tulivyolelewa."

"Heshima hiyo ndiyo iliyonipasua, Maalim."

"Wenzako wote wamelijibu bila taabu. Umekwama wewe tu."

"Wenzangu, waume zao waliporudi nyumbani waliwaambia."

Alishika tasbihi yake, akaanza kuihesabu, nami nikaondoka.

Baadaye Cherotich alirudi kunieleza. Swali litabaki vile vile, kwa kuwa wengi wamelielewa, na mimi nimehesabiwa katika waliosema ndiyo. Alisema bila kuniangalia. Sikumlaumu, naye ameajiriwa.

Maalim namdai swali linaloniuliza mimi. Lakini deni kubwa liko kwa Shuaib. Daktari alishahamishwa, hakuna ajuaye aliko, na maneno yaliyosemwa pale mlangoni amebaki nayo Shuaib peke yake. Sijui walikuta nini tumboni mwangu hata wakakitoa kizazi chote. Sijui kama palikuwa na njia nyingine, wala kama Shuaib aliitaka njia hiyo. Anapokuja mjini akiniona hugeuza uso. Ageuze atakavyo. Maneno yale ni yangu, na hajanipa.