Mwenyeji Wetu wa Grenada

Mjukuu wangu akiniita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao, najua ana haja. Siku za kawaida mie ni Bibi tu. Nimeshamwambia kwamba kwetu Pemba gogo ni mti ulioanguka, na mie bado nimesimama, lakini hilo haliingii. Basi Jumamosi moja mwaka jana aliingia jikoni kwangu hapa Berea, mtaa wa Johannesburg, kashika mkate na maziwa ambavyo sikumtuma, akaniita Gogo mara mbili kabla hajavua viatu. Nikazima jiko, nikakaa kitako. Nilijua haja ya leo ni kubwa.

Alitaka twende likizo, mimi na yeye. Nikamwambia likizo ni ya mtu mwenye kazi, na mie kazi yangu ni kulea, haijawahi kunipa hata siku moja ya kupumzika. Akatoa simu akanionyesha kisiwa. Milima ya kijani, bahari imekizunguka. Nikauliza kama ni Mafia. Akasema hapana, ni Grenada, kiko Karibi, upande wa pili wa dunia.

"Na huko tunafuata nini?"

"Utamaduni, Gogo."

Huyu mtoto kazaliwa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ninachokisema chini chini, lakini ukimwuliza jambo kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Utamaduni uko humu ndani, unachemka kwenye sufuria, yeye anaufuata kwa ndege. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema sufuria yangu anaijua, anataka na za wenzetu.

Alikuwa ameshapanga kila kitu. Siku ya kwanza kupumzika. Siku ya pili ngoma, watu waliovaa nguo za rangi na njuga miguuni. Hilo la ngoma sikulishangaa, maana kila Alhamisi jioni yeye na wenzake wako kwenye ukumbi kule Randburg anakokaa na mama yake, wanapiga ngoma na kutoka jasho, na wanalipia hilo jasho. Huko ndiko alikosikia habari za hicho kisiwa. Siku nyingine tutembezwe kwenye mashamba ya viungo, tuonyeshwe mkarafuu, mdalasini na kungumanga.

Nikamwangalia. Mie nimekulia juu ya mkarafuu. Nimechuma mpaka harufu ikahamia kwenye nywele, na mama yangu alikuwa akinitambua gizani kwa harufu hiyo. Leo nivuke bahari nikanyooshewe kidole, huu ndio mkarafuu.

"Na kungumanga," nikamwuliza, "unajua kwetu wanawake huitia kwenye uji wakati wa harusi kwa nini?"

Hakujua.

"Basi ukiolewa utaambiwa. Endelea."

Akaendelea, masikio yamemwiva. Siku ya tano ilikuwa ya darasa. Darasa la nini? La kupika. Kupika nini? Akanionyesha picha, na wallahi ilikuwa shelisheli, limekatwa vipande, limepikwa kwa tui la nazi.

Mimi humwita mke mwenzangu, kwa kuwa alipokuwa mdogo marehemu babu yake alimwita mke wake, na tukawa tunagombea kumtilia chai. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, unataka kunipeleka skuli, umri huu, nikafundishwe shelisheli kwa nazi?"

"Wanatoa cheti, Gogo."

Nilitaka kukasirika, lakini hicho kingekuwa cheti changu cha kwanza.

Nikamwuliza kwa nini asiende na wenzake wa jasho la Alhamisi. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Mama yake, yaani binti yangu, amekataa katakata. Msichana wa kwetu haendi ng'ambo ya dunia peke yake wala na kundi la marafiki. Ataenda na bibi yake au hataenda. Kumbe ndiyo sababu ya mkate na maziwa. Nikamwambia sasa nimeelewa, mie ni kibali.

Kisha akasema, safari hii kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka barabara bila robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani:

"Siyo hivyo. Tukienda Pemba, wewe uko kwenu, mimi mgeni. Hapa mimi niko kwetu, wewe mgeni. Mimi nataka twende mahali wote wageni."

Nilisimama nikawasha jiko, ingawa hapakuwa na kitu juu yake. Babu yake alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku, tulioana Dar es Salaam, na mambo yalipobadilika huku akanileta. Yeye alikuwa anarudi, mie nilikuwa nakuja. Sikudhani kama kuna mtu katika nyumba hii aliyeiona tofauti hiyo.

Lakini mie si mtu wa kulainishwa kwa maneno. Nikamwuliza, "Mwenyeji wetu huko nani?"

Akanionyesha picha ya mama mmoja wa makamo, kavaa kofia ya ukili, kasimama kwenye baraza ya nyumba yake. Ndiye anayekodisha vyumba.

"Mmeshasalimiana?"

"Nimeshalipa, Gogo."

"Sikukuuliza kama umelipa."

Nikamweleza. Mtu haingii nyumba ya watu kwa pesa, anaingia kwa salamu. Nikamwambia amwandikie yule mama, amsalimie, amwulize hali yake na ya watoto wake na ya wazee wake. Amwambie sisi ni nani na tumetoka wapi. Amwulize kwao kunapungua nini tumchukulie. Tena, kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, amwambie siku ya tatu mie nipewe kazi, nisikae nimekunja mikono kama mwali. Na amwambie sili nguruwe. Na mwisho amwulize: nikifa huko, nani ataniosha?

"Eish, Gogo."

"Andika."

Hili nalitaka msomaji alielewe. Mwanamke Mwislamu wa kwetu akifariki Hillbrow au hapa Berea, awe wa Dar, wa Tanga au wa Unguja, mie huitwa. Nimewaosha wanawake ambao mama zao walikuwa mbali hata kilio hawakukisikia. Wamezikwa vizuri, kwa sababu palikuwa na mtu anayejua pa kuanzia na pa kumalizia. Wenyewe husema mwosha huoshwa. Sawa, lakini na nani, nikiwa Grenada, na mjukuu anayedhani sanda ni shuka?

Akasema hayo hayaulizwi kwa mtu wa nyumba ya wageni. Nikasema basi siendi. Akaandika.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo, alipopata habari alinishangaa. Akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mama, kufa iko fasi yote, hata mu lifti ya hapa." Hilo, kwamba kifo kiko kila mahali, nilimkubalia. Lifti yetu naiogopa kuliko ndege.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili tatu. Mjukuu alinisomea akiwa amesimama mlangoni, hata kuingia hakuingia. Yule mama alikuwa ameandika kwa upole mkubwa. Alisema anamhurumia bibi, na anauliza ugonjwa wenyewe ni upi, na je, daktari ameruhusu safari. Alisema nyumba yake ni ndogo, haifai mtu aliyekuja kumalizia siku zake. Angerudisha malipo yote, na angetuombea.

Alidhani naenda kufia kwake.

Mimi nilianza kucheka, halafu nikamwona mtoto. Hakulia. Afadhali angelia. Aliiweka simu mezani, akakaa, akasema basi, atamwambia mama yake kwamba imeshindikana. Na hakuniita Gogo wala Bibi.

Sasa hapo nilikuwa nimepata nilichokitaka, maana, nisijidanganye, yale masharti yote nilikuwa nimeyapanga kama mawe ya ukuta. Nilitaka ashindwe kuruka. Lakini wa kushindwa alipokaa mbele yangu, uso umemshuka, na huku mwanamke wa watu ananiona mie maiti, damu ilinichemka. Nikamwambia alete hiyo simu, nataka kusema na yule mama kwa sauti yangu.

Kiingereza changu nimekiokota kwenye foleni na kwenye teksi, lakini kinafika. Mjukuu akabonyeza pa kurekodi, nikasogeza mdomo.

"Mama," nikamwambia, "siumwi. Nina adabu."

Nikamweleza kwamba mie huuliza habari ya kuoshwa kama mgeni mwingine anavyouliza choo kiko wapi. Anataka kujua, si kwamba kimembana. Nikamwambia kazi yangu ndiyo hiyo, na fundi lazima aulize habari za ufundi kila anakokwenda. Nikamwambia sikatai shelisheli lake, ila nitalitazama kwa jicho kali. Kisha nikamsalimia upya, tangu mwanzo, kwa sababu zile salamu za kwanza ziliandikwa na mtoto na zilikuwa fupi.

Mjukuu alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Sijui alikuwa analia au anacheka. Nikamtilia chai.

Sauti ya yule mama ilifika kesho yake, na mtoto akaja nayo kutoka Randburg mbio mbio baada ya kazi, ingawa angeweza kunitumia. Ilianza kwa kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu aliyeshika tumbo. Kiingereza chao kinakimbia, kina mdundo wake, sikukishika. Nikamwambia mjukuu anifasirie, na asinifasirie kwa Kiingereza kingine.

Akakaa karibu yangu, akawa anasikiliza kidogo, anasimamisha, anasema.

"Anasema amecheka mpaka mbwa akabweka. Anasema mama yake pia aliweka nguo ya kuzikwa kwenye kabati, na kila mgeni alionyeshwa. Anasema... ngoja. Anasema leo asubuhi ametelemka mjini, ameuliza. Kuna msikiti mdogo. Kuna bibi mmoja hapo, yeye anaogesha watu waliokufa."

"Anaosha maiti."

"Anaosha maiti. Amekwenda mpaka nyumbani kwake. Huyo bibi anakusalimia sana. Anasema yeye pia mzee sasa, mgongo unauma, kwa hiyo anakuomba, tafadhali, uje mzima urudi mzima, usimpe kazi."

Nilivuta kanga nikajifuta uso. Jiko lilikuwa limewaka, joto.

"Na siku ya tatu?" nikauliza.

Akasikiliza tena. Siku ya tatu yule mama atatungoja na vikapu. Ni wakati wa kungumanga, zinaokotwa chini, zinabanduliwa lile ganda jekundu la ndani, basibasi, nalo huanikwa peke yake. Wajukuu zake wote wamehamia ng'ambo, hakuna wa kumsaidia. Alisema wageni wote aliowahi kupokea walitaka kupiga picha na kikapu. Mimi ndiye wa kwanza kuomba kukibeba. Na nguruwe hatatia chunguni, ingawa kwake yeye, alisema, hilo ni pigo.

Mtoto akaweka simu chini. Akaniangalia usoni.

Mtu hajatuona, hatujui, bahari nzima iko kati yetu, na ametelemka mjini asubuhi, amebisha mlango wa mtu wa dini nyingine, kuuliza habari ya maiti ambayo haijafa. Mimi nimekaa Johannesburg miaka mingi na kuna watu kwenye ghorofa yangu ambao hawajawahi kunijibu salamu kwenye ngazi. Nilijaribu kutafuta jiwe jingine la ule ukuta wangu. Sikuliona.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Tukatelemka kwa ngazi, maana lifti siiamini, tukaenda mpaka Hillbrow kwa mama mmoja wa Tanga anayeuza kanga nje ya spaza, duka dogo la mtaani. Nikamwachia mjukuu achague, nione. Akavuta nyekundu nzuri sana, yenye maneno ya kumwambia jirani mwenye wivu ajinyonge. Nikamwuliza kama ameisoma. Akasema ameangalia rangi. Nikamwambia airudishe. Akajibu kwamba yule mama wa Grenada hajui Kiswahili, hatajua imeandikwa nini.

"Mie nitajua," nikasema. "Nitakaa kwake siku zote hizo naitazama inamtukana?"

Muuzaji alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo. Tukapekua wote watatu, tukapata doti moja ya kijani yenye maneno ya kushukuru, na ya pili ya zambarau yenye dua. Nikasema zifungwe zote mbili.

"Bibi, mwenyeji ni mmoja."

"Ya pili ni ya mwosha mwenzangu. Mtu amekuomba usimpe kazi, halafu umfikie mikono mitupu?"

Akazibeba. Tukirudi nilimwambia aniandikie hayo yote kwenye mpango wake, siku ya tatu kungumanga, na siku moja iwe ya kwenda kumsalimia yule bibi wa msikitini, hata kama hilo darasa la shelisheli litapunguzwa. Akasema darasa halipunguzwi, cheti changu anakitaka kikatundikwe sebuleni. Nikamwambia tutaona nani atamfundisha nani.

Njia nzima alikuwa akiniita Bibi. Haja yake ilikuwa imekwisha.