Mzee Kibwana Anasikia Baridi

Usiku ule niliangukia kitandani na ovaroli yangu, na mke wangu, Mama Zuhura, hakuniambia nivue. Aliona nilivyokunja uso, akageukia ukutani. Nyuma ya nyumba, kwenye ua ambao ndio gereji yangu, lilikuwa limesimama lori la Mama Neema. Nilikuwa nimelichukia lile lori kama mtu anavyomchukia jirani mgomvi.

Lililetwa kwangu likiwa na oili kwenye maji ya rejeta. Ukifungua mfuniko unakuta uji wa rangi ya kahawa umeganda juu. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: oili safi, haina tone la maji. Maana yake oili ilikuwa inaingia kwenye maji, lakini maji hayaingii kwenye oili. Hapo fundi aliyefundishwa akafundishika huanza na kipoza oili, kile chuma ambamo oili na maji hupita ubavu kwa ubavu bila kugusana. Nikakifungua, nikaziba matundu yake, nikakizamisha kwenye ndoo na kukijaza upepo wa kompresa. Kikatoa mapovu, nami nikacheka kwa furaha. Nikafunga kipya, nikaosha njia za maji kwa sabuni ya unga mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikaliacha lori lingurume kutwa nzima kwenye jua la Morogoro. Maji yalibaki safi.

Lori likapanda Njombe kufuata mbao. Likarudi na uji.

Nikaosha upya. Nikapima kipoza, kizima. Nikafungua silinda hedi, nikabadili gasketi ambayo haikuwa na kosa lolote, masikini. Hapa uani likawa safi kabisa. Likapanda Njombe, likarudi na uji uleule, na jioni ile Mama Neema mwenyewe akaja. Alisimama mbele ya rejeta, mkoba umebanwa kwapani, akasema bila kupandisha sauti:

"Fundi Saidi, nimekuvumilia sana. Kesho asubuhi nakuja na fundi mwingine. Anasema bloku imepasuka, kwa hiyo injini inashushwa, tunatafuta nyingine."

"Inashushwa hapa?"

"Hapahapa. Sitaki liendeshwe tena hata hatua moja."

Hapahapa, yaani kwenye ua wa Mzee Kibwana. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana, na alipofariki mwaka juzi akaniachia mimi gereji. Watu bado wanasema "peleka kwa Kibwana", ingawa wanajua Kibwana yuko makaburini. Sasa mgeni angekuja kunionyesha kazi mbele ya kadamnasi, kwenye sakafu ileile, na baada ya hapo nani angesema tena peleka kwa Kibwana? Nilikuwa na hasira na mgeni, na lori, na hata na marehemu. Mzee yule hakuwahi kunijibu swali maishani mwake. Ukimuuliza, anakutazama, anafuta mikono, anakwenda zake. Alikufa akiwa na majibu yangu mengi.

Basi nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria cha lile lori, amevaa ovaroli ya bluu iliyofuliwa ikatakata, jambo ambalo sikuwahi kuliona alipokuwa hai. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua amekuja kazini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia baridi, Saidi."

"Oili inatoka wapi, Mzee?"

Alinyoosha mikono mbele yake, viganja vimefunguka, akatazama nje kupitia kioo. Mimi nilikuwa chini, jua linachoma bati, jasho linanichuruzika mpaka kwenye macho, na spana niliyoshika haikuingia kwenye nati yoyote. Kila nati niliyoigusa ilikuwa kubwa zaidi au ndogo zaidi.

Halafu lori linatembea. Usukani ninao mimi, Sanga dereva hayupo, na misonobari inapita huku na huku, mirefu, ukungu umekaa katikati yake. Sijui tumepandaje milima. Mzee yuko palepale ubavuni mwangu, mikono bado ameinyoosha.

"Mzee, ni bloku? Niambie tu kama ni bloku."

"Nyie wa kule chini hamjui baridi," anasema taratibu, kama anayezungumza na kioo.

Natafuta breki niliegeshe lori nimkalishe chini tuelewane, na mguu wangu unakanyaga mkeka. Tuko msibani kwake. Watu wamekaa, wanawake wamejitanda, na katikati, pale lilipokuwa jeneza, ipo ndoo yangu, kipoza kimo ndani. Wote wameinama wanangojea mapovu. Maji yametulia. Mtu mmoja anasema, "Hamna kitu," na wote wananigeukia.

Mzee Kibwana amekaa kati ya waombolezaji wake mwenyewe, viganja vyake viko mbele, vinatetemeka.

"Maisha yako yote nilikuuliza hukunijibu," namwambia. "Umekufa, bado hunijibu. Sasa umekuja kufanya nini?"

Hakuna anayenikemea, na hilo linaniuma zaidi. Namwonea huruma kwa kutetemeka kule. Najikuta nina koti mkononi, nalitandaza juu ya mabega yake. Analitoa polepole, analikunja vizuri, ananirudishia.

"Usinifunike, Saidi. Fungua."

"Nifungue nini, Mzee? Nimeshafungua kila kitu!"

Mama Zuhura alikuwa ananitikisa bega. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha, dirisha limeanza kupata mwanga.

"Unapiga kelele, Baba Zuhura. Umeona nini?"

Nikamsimulia huku nikitafuta ndala kwa miguu. Alisikiliza, mkono shavuni.

"Marehemu akija akilalamika baridi, anataka kusomewa," alisema. "Ijumaa tuwaite watu, tupike kidogo, asomewe dua. Umemsahau sana yule mzee."

Niliona ana haki, nikakubali kwa kichwa. "Lakini ile mikono," nikasema. "Muda wote alikuwa anaota."

"Uliyekuwa unaota ni wewe."

"Mimi nilikuwa naota ndoto. Yeye alikuwa anaota moto, mikono hivi, kwenye dashibodi ya—"

Sikumaliza. Nilitoka nje na ndala moja.

Sanga, dereva, alikuwa amelala ndani ya lori kama kawaida yake. Nikagonga mlango mpaka akachungulia, shuka kichwani.

"Sanga, kule juu huwa unawasha hita?"

"Fundi, ndiyo unaniamshia hilo? Lazima niwashe. Kuanzia Makambako vidole vinaganda."

"Na huku Morogoro?"

"Huku niwashe hita, nina kichaa?"

Nikaegemea tairi. Hita, kile kifaa cha nyuma ya dashibodi kinachopuliza hewa ya joto, inapashwa na maji yaleyale ya injini, ila ukiifunga, maji yaliyomo yanabaki yamefungiwa mle. Nilikuwa nimeliosha lori zima na kuacha kona moja iliyojaa oili ya zamani, kwa sababu mtu wa joto haikumbuki hita. Sanga alipofika kwenye baridi alifungua, uchafu ukateremka kwenye maji yangu masafi, nami nikashika kichwa na kulaumu gasketi. Kipoza nilikibadilisha sawasawa tangu mwanzo.

Tukainua kichwa cha lori. Nikafungua mpira wa hita, nikapuliza upepo. Ulitoka uji mzito wa kahawa, ukanirukia kifuani, ukaendelea kutoka. Sanga akasema neno ambalo siwezi kuliandika.

"Mpigie Mama Neema," nilimwambia. "Mwambie aje, lakini injini haishuki. Na huyo fundi wake aje pia, aone."

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nilikaa juu ya ndoo niliyoifudikiza nikiwa bado nimekasirika, machozi yananitoka, kwa sababu jambo la kusema kwa neno moja mzee yule alikuwa amenizungusha nalo mpaka Njombe, vilevile kama alivyokuwa akinifanya alipokuwa hai.

Mama Zuhura alikuja na ndala yangu ya pili. Alitazama ule uji chini, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ile dua ya Ijumaa tuache?"

"Tusome," nikamwambia. "Baridi hana. Ni mimi nimemkumbuka."