Ukuta wa Upande wa Mvua

Ganda la korosho likishika moto hutoa harufu ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyekulia Newala. Ni nzito, inawasha pua, ina utamu kidogo na ukali mwingi. Wiki iliyopita nilikuwa kiwanjani kwangu na fundi, ananiuliza kuta za nje tuzifanyeje: tupige lipu ya saruji, tuache tofali za kuchoma wazi, au tufunike na yale mabati ya rangi yanayopendwa siku hizi. Mara jirani akaanza kubangua korosho zake, moshi ukatufikia. Nikacheka peke yangu. Fundi akadhani namcheka yeye, ikabidi nimsimulie habari za ukuta wa bibi yangu, na sasa nawasimulia nanyi.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati. Kuta tatu hazikuwa na neno. Tabu ilikuwa ule wa nne, ukuta wa chumba cha bibi, uliotazama mashariki. Mvua ya huku juu haianguki tu kutoka mbinguni. Inasukumwa na upepo wa bahari, ingawa bahari yenyewe huioni, na inaipiga nyumba ubavuni. Kila mwaka ukuta ule ulivimba, ukalainika, ukabaki fito tupu. Na kila mwaka mvua zikikatika tuliukandika upya, kwa maji ambayo mama aliyapandisha mlima kichwani kutoka bondeni. Mtu aliyekulia kwenye mabomba hawezi kujua uchungu wa kuona ndoo nzima ya maji inamwagwa kwenye udongo.

Bibi alikuwa mama yake mama. Baba alikuja kuoa akahamia ukweni, kama ilivyokuwa desturi ya Wamakonde, kwa hiyo ukuta ule ulikuwa kipimo chake cha ukwe. Nilipokuwa na miaka minane, kipande kikubwa kilianguka bibi akiwa jikoni. Mjomba Saidi, kaka yake mama, akapanda gari kutoka Masasi, ambako alikuwa na nyumba ya tofali maeneo ya Mkomaindo. Aliukagua ule ukuta akiwa ameshika kiuno.

"Dada," alimwambia mama, "mvua zijazo nitakuja tena. Nikikuta chumba kimelowa, mama naondoka naye."

Mjomba kwetu akishasema amesema. Mimi nililala chumba kimoja na bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenifundisha kula ming'oko, vile viazi vya porini, bila kujichafua, aliyenificha nyuma ya kanga zake nilipovunja chungu. Bibi akienda Masasi, niliona kabisa kwamba nitakufa. Nikamchukia mjomba tangu siku ile, kwa moyo wangu wote.

Kiangazi kizima nyumbani kwetu kulikuwa na mjadala wa ukuta. Mama alitaka saruji. Baba akamkumbusha jirani yetu aliyepiga lipu juu ya udongo: masika ya kwanza ilibanduka kama ukoko wa ugali, ikaacha ukuta wake uchi. Wengine walishauri bati, bibi akakataa kulala ndani ya ngoma. Yeye mwenyewe alisema jambo moja tu, kwamba ukuta ule unahitaji nguo. Hakuna aliyemsikiliza.

Baba alikuwa na lake. Wazee hupaka miti ya nyumba mafuta ya maganda ya korosho ili mchwa wasiile. Basi baba akawaza kwamba kinachomshinda mchwa kitaishinda na mvua. Akatoboa debe, akakaanga maganda wiki mbili, yale mafuta meusi yakidondokea kwenye sufuria ambayo mama hakuipikia tena. Akaupaka ukuta wote. Ukang'aa, mweusi tii, watu wakapita kuuangalia.

Tatizo ni kwamba mafuta yale huunguza ngozi, na baba alijua, na sote tulijua, lakini kujua na kukumbuka ni mambo mawili. Baba alibabuka mikono hadi kwenye viwiko. Mama alibabuka kwa kumuosha baba. Mimi niliegemea ukuta nikimsubiri rafiki yangu, nikaenda shule mwezi mzima na mgongo wenye magamba. Hata jogoo aliyezoea kujikuna pale akanyonyoka manyoya. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua zikaja. Kwa nje ukuta ulipendeza, maji yakiteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Kwa ndani ilikuwa habari nyingine, na hapo ndipo niliposhika madaraka makubwa kuliko umri wangu. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Baba hakuwahi kukanyaga mle hata mara moja. Hata bibi akiugua alimsalimia nje ya mlango, macho chini. Kwa hiyo kila asubuhi aliniita.

"Somoe, hebu ingia ushike ukuta wa bibi. Pakoje?"

Niliingia, nikashika. Chini, karibu na sakafu, udongo ulikuwa umelowa chapachapa. Matone yaliyoruka kutoka ardhini yaliingia miguuni mwa ukuta, na yale mafuta kwa nje yaliyafungia maji ndani yasitoke. Nikatoka.

"Pakavu, baba."

Nilidhani nikisema pamelowa, neno lenyewe litatembea mpaka Masasi. Nilisema pakavu siku tisa. Baba alifurahi, akaanza kuwaelekeza majirani namna ya kukaanga maganda. Bibi alinisikia kila siku kupitia mlango wazi na hakunisuta. Alisogeza tu kitanda.

Siku ya kumi, mchana, tunakula, tukasikia kishindo. Kipande cha ukuta kimelala juu ya sanduku la bibi. Baba akasimama mlangoni, asiweze kuingia, akiuona mwanga wa nje kupitia tundu. Kisha akanitazama. Hakunipiga. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini, mwanangu?" Nikalia hadi nikakosa pumzi.

"Mwache," bibi alisema. "Alitaka nibaki. Wewe Baba Somoe, nenda kakate mianzi."

Safari hii alisikilizwa. Baba alikata mianzi, akaipasua, akaisuka mikeka mikubwa. Akaipaka mafuta yake meusi, akaianika juani hadi ikakauka isiunguze mtu. Mama na majirani wakaziba tundu na kupanga mawe chini ya ukuta ili matone yasiruke. Kisha mikeka ikatundikwa kwa nje, si juu ya udongo wenyewe, ila upana wa kiganja mbele yake, upepo ukipita katikati. Mvua ikipiga inapiga mwanzi, udongo nyuma yake unapumua. Ukuta ukawa umevaa nguo kweli.

Mjomba alikuja katikati ya masika. Alipiga hodi chumbani kwa mama yake, akaingia, nami nikajipenyeza nyuma yake. Aliweka kiganja ukutani, juu, katikati, chini. Pakavu. Akakiacha kiganja pale muda mrefu.

"Haya, mama," alisema. "Umeshinda."

"Karibu ule," bibi akamjibu.

Mimi niliruka. Nilimcheka mjomba usoni, nikamwambia bibi haendi popote, arudi kwake. Mama alinifinya sikio. Mjomba alitabasamu, akaondoka bila kumaliza chakula chake.

Bibi aliishi nyuma ya ukuta ule miaka saba, akafariki kitandani mwake, mkono wangu ndani ya wake. Mwaka uliofuata nikapata shule ya sekondari Masasi, nikapelekwa kukaa kwa mjomba. Akanionyesha chumba cha mwisho, kilichofungwa siku zote. Kilikuwa na lipu safi. Kitanda kilikuwa kifupi cha miguu, cha mtu ambaye magoti yanamuuma. Dirisha lilikuwa chini, mtu aweze kuangalia nje akiwa amekaa kwenye mkeka. Misumari ya kutundikia kanga ilikuwa usawa wa kifua changu, na bibi alikuwa mwanamke mfupi.

Nikasimama na begi langu mlangoni. Miaka yote ile nilidhani mjomba alikuwa anakagua ukuta. Kumbe alikuwa anamtaka mama yake.

"Mjomba, nisamehe," nilisema.

"Kwa lipi?" akasema, huku akifuta vumbi kitandani kwa kiganja. "Ingia, mwanangu. Kilikuwa kinasubiri mtu."