Nilivyotaka Intaneti Yetu ya Kibaoni Iende Mbio

Hii huwa siisimulii mume wangu akiwa karibu, kwa sababu huanza kucheka kabla sijafika penyewe, na akishacheka watu wote wanamtazama yeye, mimi nabaki na aibu yangu kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Leo hayupo, kwa hiyo nitasema yote.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tunakaa Kibaoni hapa hapa Ifakara. Mume wangu alikuwa bwana shamba wa mradi mmoja wa mbegu za mpunga, na mradi ukamletea kompyuta nyumbani pamoja na modemu, kile kidude kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, ili ripoti ziende Dar kwa barua pepe badala ya kusubiri basi. Mchapaji na mtumaji nilikuwa mimi, maana nilisoma kompyuta Morogoro nikapewa cheti, na cheti nilikitundika sebuleni juu ya redio. Nilisoma wiki tatu tu. Lakini mtaani walikuwa wananiita mtaalamu, na sikukanusha hata siku moja.

Intaneti ya wakati ule ilikuwa hivi: unabofya, kompyuta inapiga simu Dar, inakoroma kama mtu anayesukutua, na ikibahatika kuunganishwa, barua moja yenye picha ya shuke la mpunga inakaa muda wa kuchambua mchele kilo mbili (ninajua, kwa sababu nilikuwa nachambua huku nasubiri). Jumamosi moja asubuhi mume wangu akapanda treni kwenda Mlimba kuangalia mashamba, akaniachia ripoti, na akiwa mlangoni akasema, "Mama Beni, wewe tuma tu. Usiguse kitu kingine."

Nikatuma, ikakatika, nikatuma tena, ikakatika, na mara ya tatu nikasema hapana, mtu mwenye cheti hawezi kushindwa na waya. Nikafungua mipangilio. Palipoandikwa kasi nikachagua tarakimu kubwa kuliko zote. Palipoandikwa sauti nikazima, maana ule mkoromo ulikuwa unanichosha. Palipoulizwa ikishindwa ijaribu tena mara ngapi, nikaweka tisini na tisa. Halafu nikaona ile namba ya Dar ndefu, ina sifuri yake na msimbo wa mkoa, nikawaza kwamba namba ikiwa fupi itapigwa upesi, kwa hiyo nikaiambia kompyuta kwamba sisi tuko Dar, hatuhitaji msimbo. Ikakubali bila ubishi. Ikapiga, kioo kikaandika kwamba haikupata jibu na itajaribu tena, nikajua Dar kuna foleni. Nikaiacha ihangaike, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda sokoni kutafuta perege.

Njia ya sokoni inapita dukani kwa Mzee Kanisius, muuza saruji na misumari, ambaye simu yake ilikuwa ndiyo simu ya wote mtaani wasiokuwa nayo nyumbani. Nikakuta watu wamejaa barazani, hawanunui kitu. Binti yake, Skola, aliolewa Kidatu na kijana wa kwenye miwa, mimba yake ya kwanza ilikuwa imemsumbua, na tangu jana yake alikuwa hospitali. Mama mkwe wake aliahidi kupiga simu asubuhi hiyo.

"Shikamoo baba, kuna habari?"

"Marahaba, mwanangu. Simu inaita, lakini mtu haongei," Mzee Kanisius akasema. "Mara ya kumi sasa."

Na kweli ikaita. Mama Skola akaipokea kwa mikono miwili, akaita, "Haloo, haloo, mama, Skola anaendeleaje?" kisha akanipa mkonga wa simu nisikilize. Kulikuwa na kitu kinalia pii, kinanyamaza, kinalia tena pii, halafu simu ikakatika. Sikukitambua. Nyumbani nilizoea ule mkoromo wa mashine mbili zikiongea, sikuwahi kusikia mashine moja ikiwa peke yake inaita mwenzake.

Mwanamke mmoja aliyewahi kuuguza mgonjwa hospitali kubwa Dar akasema taratibu, nadhani hata hakukusudia kusema, "Mlio huo ni wa ile mashine wanayomwekea mtu akiwa mahututi."

Mama Skola akakaa kwenye mfuko wa saruji. Hakulia. Alishika tu pindo la kitenge chake akawa anakikunja na kukikunjua. Roho ikaniuma, nikataka kumtuliza, na hapo ndipo cheti kiliponipanda kichwani. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Mama, usiwe na wasiwasi, mimi mambo haya nimeyasomea. Hili ni kosa la watu wa simu. Wamelala, mitambo inajipigia yenyewe. Aitwe Rajabu."

Rajabu, fundi wa simu, akaja na baiskeli yake, mtu mpole wa maneno machache, na mimi sikumpa hata nafasi ya kumaliza salamu. Nikamwambia wananchi wanateseka, kuna mtu yuko hospitali, nyinyi mmelala, kazi gani hii mnayofanya. Watu wakaitikia, "Kweli, mtaalamu." Yeye akasikiliza ule mlio mara moja, akasema, "Ngoja nikatazame mitambo," akaondoka. Simu ikaendelea kuita na kukatika, na kila ikiita Mama Skola anainuka nusu kisha anakaa.

Rajabu aliporudi alinitazama mimi kabla ya kumtazama mwenye duka. "Simu hii haitoki nje, inatoka hapa hapa Kibaoni. Inatoka nyumbani kwa bwana shamba."

"Kwangu hakuna mtu," nikasema. "Nimefunga kwa kufuli mwenyewe."

Mtu mmoja akasema, "Basi ni mwizi," na kabla sijapata pumzi wanaume wakaanza kuokota fimbo na vipande vya nondo vya Mzee Kanisius, safari ikaanza kwenda kwangu, mimi mbele kwa sababu nina ufunguo.

Tulipofika kwenye kisima cha jirani ndipo nikakumbuka mara tisini na tisa. Hapo ningeweza kusimama nikasema, ndugu zangu, nimejua ni nini. Sikusema. Nilikuwa nimemfokea Rajabu mbele ya watu, nikawa naomba kimoyomoyo awepo mwizi kweli, hata mdogo.

Wakaizunguka nyumba. Nikafungua kufuli, wakaingia watu wanane sebuleni kwangu na fimbo zao, na ndani hapakuwa na chochote isipokuwa kompyuta mezani chini ya kitambaa changu cha kufuma, kioo kikionyesha kwamba imejaribu mara arobaini na saba na itajaribu tena baada ya muda mfupi.

Mzee Kanisius akaisogelea, akaitazama, akashusha nondo yake. "Mwanangu, ndiye huyu?"

"Ndiye, baba," nikasema, nikachomoa waya.

Rajabu akaeleza kwa upole, sijui aliutoa wapi. Namba za Ifakara zilikuwa fupi, kwa hiyo kompyuta ilipopiga ile ya Dar bila msimbo, mitambo ilichukua tarakimu za mwanzo tu, nazo ndizo zilikuwa namba ya simu ya duka. Hakuongeza neno kuhusu kulala.

Tukarudi dukani, nikatembea nyuma ya wote. Kabla hatujafika tukasikia vigelegele. Mama Skola alikuwa amesimama, mkonga sikioni, anauliza ana uzito gani, ananyonya, mama yake yuko macho. Mama mkwe alikuwa amehangaika kupiga tangu asubuhi akikuta simu inatumika. Mtoto wa kike, wazima wote wawili.

Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi la saruji, nikamwambia ule mlio ulikuwa wa kompyuta yangu, nikaomba radhi. Mama Skola akaniinua, akanifuta goti kwa kitenge chake. "Ulinitia hofu, mwanangu, sitakuficha," akasema. "Lakini leo nimepata mjukuu, sina nafasi ya kugombana na mtu. Njoo unywe chai."

Nikanywa. Wakacheka hadi machozi, na mimi nikacheka.

Jumatatu nilikwenda kwa Rajabu kumwomba radhi. Kompyuta mtu yeyote angeweza kuikosea, lakini mdomo wangu hakuna aliyeubadilishia mipangilio. Akasema yameisha, akaniandikia mipangilio sahihi kwenye karatasi.

Cheti nilikishusha ukutani wiki hiyo hiyo. Na tangu hapo, kitu kikienda polepole nakiacha kiende. Nachambua mchele wangu, nasubiri.