Kikapu cha Saa Sita

Julienne anaongea sana. Nasema hivyo kwa upendo, maana mimi ni jirani yake na masikio ni yangu. Alisomea utalii miaka mitatu, kisha akarudi hapa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, kuongoza wageni. Shida ni kwamba wageni walikuwa wanakaa saa moja tu: wanapiga picha, wanapanda gari, kwaheri. Mwenye hoteli hapati kitu, mpishi kama mimi hapati kitu, na Julienne alikuwa ameshatafutiwa kazi ya dukani kwa shangazi yake Kinshasa. Hakuitaka hata kidogo.

Ndipo wakala mmoja wa safari kutoka Goma akaandika kwamba anamtuma Madame Ursule aangalie kama Wagenia iingie kwenye ratiba yao ya kila mwezi. Wiki nzima Julienne alikosa hamu ya kula, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Madame Ursule alifika saa sita mchana. Sasa, hapa kwetu kila mtu anajua: vikapu vyetu, vile vikubwa vinavyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali, huangaliwa asubuhi na jioni. Saa sita ni vitupu. Octave, kaka yake Julienne, mvuvi hodari ambaye kichwa chake hukipumzisha mara nyingi, akaona amsaidie dada. Akaenda sokoni, akanunua samaki, akamtia kikapuni. Na kati ya samaki wote wa soko akachagua tomsoni, samaki wa baharini anayefika mjini amegandishwa ndani ya katoni!

Kikapu kikapanda. Madame Ursule akachungulia, akamgusa yule samaki. Alikuwa bado na barafu.

"Papa Octave, hii samaki iko ya hapa?"

"Bon… iko mugeni, madame. Sawa weye."

Samaki mgeni, kama Madame mwenyewe! Sisi tuliokuwa ukingoni tulivunjika mbavu. Julienne peke yake hakucheka. Angeweza kudanganya, ulimi anao.

"Madame, pardon," akasema. "Yaya yangu Octave aliitia kule. Saa hii kikapu haiko na kitu. Kama munataka kuona kweli, mulale hapa, mukuje kesho saa kumi na mbili asubui."

"Ratiba yetu iko ya saa moja tu."

"Alors, ni ratiba iko mubaya. Mto iko bien."

Nilifumba macho nikajua amekwisha. Lakini Madame Ursule alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe, kisha akamtuma dereva wake atafute vyumba hotelini. Jioni alikula liboke yangu, samaki wa mto aliyeivishwa ndani ya majani. Dereva alikula mbili.

Asubuhi Octave na wenzake walitembea juu ya miti wakiimba, maji yakinguruma chini yao, wakainua kikapu. Samaki walikuwa wanne tu, wadogo, lakini walikuwa wanaruka. Madame Ursule alipiga kelele kama msichana, akalowa mpaka nywele, na hakukubali kuondoka kabla ya kuona kikapu cha pili, na cha tatu.

Kisha akatoa karatasi yake, akafuta "saa moja", akaandika "siku mbili".

"Kila mwezi," akamwambia Julienne. "Na guide ni weye."

Mimi nililia, wala sioni haya. Julienne alimrukia Octave shingoni, na wote wawili nusura waanguke majini.

"Yaya, minabaki! Minabaki nyumbani!"