Tulivyoiosha Laptopu ya Baba Mdogo

Juzi niliweka Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye laptopu mpya, na kazi yote ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Sikuulizwa jambo la maana: lugha gani, jina lako nani, basi. Skrini ikawaka safi, mtandao ukakamata, spika zikatoa mlio mdogo wa kunikaribisha. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, nikihisi uchovu ukinipanda kutoka miguuni, uchovu wa zamani kabisa, ule wa kule kijijini Matete miaka ya tisini. Kaa hapo nikueleze, rafiki yangu, maana watoto wangu wakinisikia wananicheka tu.

Nililelewa na nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, kwenye shamba ambalo babu aligawiwa baada ya Mzungu kuondoka. Mahindi yalikuwa mbele ya nyumba, mahindi nyuma ya nyumba, na wakati wa kuvuna mahindi yalilala na sisi ndani. Kitinda mimba wa Kukhu, baba yangu mdogo, alikuwa ameenda kusoma ng'ambo. Akarudi ndani ya jeneza. Pamoja na jeneza likaja begi lenye nguo, koti zito la baridi ambalo hakuna mtu wa kwetu angelihitaji, na laptopu nyeusi nzito kama tofali.

Kwetu, siku ya kunyolewa baada ya mazishi, vitu vya marehemu viligawanywa, lakini havikuguswa na mtu kabla ya kuoshwa. Kukhu hakuwa na mchezo na jambo hilo. Mashati yalilowekwa, blanketi likaanikwa kwenye ua, viatu vikasuguliwa mpaka ndani. Koti alipewa jirani aliyesimamia kuchimba kaburi. Laptopu nilipewa mimi, msichana wa kidato cha pili, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameahidi kwamba akirudi angenifundisha kompyuta.

"Na hii nayo inaoshwanga namna gani?" Kukhu akauliza.

Watu wote wakamgeukia mwalimu wangu wa hesabu, ambaye alijifunza kompyuta chuo kikuu. Akafikiri kidogo, akasema kompyuta huoshwa kwa ndani: unafuta vyote vya zamani, unaweka vipya. Tena yeye alikuwa na CD ya Linux aliyokuwa akiitunza kwenye bahasha, kwa kuwa kompyuta za shule zilikuwa kuukuu na hazikuwa na mahali pa kuingiza CD.

"Basi ioshwe," Kukhu akasema.

Laptopu ilikuwa nzima, nakuapia. Ukiiwasha ilipiga muziki wake mfupi wa kuamka, na Kukhu alishtuka kila mara. Lakini hakuna aliyependekeza tutazame kwanza kilichomo. Ingekuwa kama kupekua mifuko ya maiti.

Nyumbani hatukuwa na stima, jenereta ya shule haikuwa na mafuta, na betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulienda poshomili, pale sokoni. Mwenye poshomili alitupa kona karibu na soketi, juu ya magunia. Sasa elewa taabu yetu: kila injini ya kusaga ilipowashwa, umeme ulipungua na laptopu ikazima. Ukiiwasha tena, Linux ilianza kukagua diski yote upya, polepole, kama mzee anayehesabu ng'ombe wake zizini. Kabla haijamaliza, mama mwingine alikuwa amefika na debe la mahindi. Ikabidi tungoje foleni iishe. Unga ulitujaa nywele mpaka mimi na mwalimu tukafanana kwa mvi.

Kuweka Linux yenyewe kulikubali baada ya kuzimiwa sana. Kisha skrini ikakataa. Ilionyesha mistari inayoteremka, halafu weusi, na mwalimu akaniambia tukikosea vipimo tunaweza kuiunguza. Tulibahatisha kwa hofu mpaka maandishi yakatulia. Tukapeana mikono. Kwamba muziki wa kuamka haukusikika tena hatukujali, kwani nani alikuwa na haja ya muziki?

Kisha yule jirani akaja nyumbani na koti mkononi. Mfuko wake ulikuwa na tundu, na chini kabisa, ndani ya bitana, kulikuwa na CD. Juu yake baba mdogo alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino neno moja, nalo sabuni ilikuwa karibu kulimaliza: Mama.

Tuliipeleka kwa mchungaji aliyekuwa na redio ya CD. Ikazunguka, ikatemwa. Mwalimu alipoitia kwenye laptopu aliona mara moja: ndani mlikuwa na faili ya sauti, ya kuchezwa na kompyuta tu. Tulikwenda hata Kakamega mjini, kwenye duka la kupiga chapa, wakakataa kuigusa kwa kuogopa virusi. Ikabaki laptopu yetu, na laptopu yetu tulikuwa tumeifanya bubu kwa mikono yetu wenyewe.

Kukhu hakumlaumu mtu. Alikaa jikoni akipura maharagwe, akasema, "Tulioshanga sana." Akapepeta maganda, akaongeza, "Sura yake iko kwa picha. Sauti ndio inanitoroka."

Tangu hapo alikuja poshomili kila tulipokuja sisi, akaketi juu ya gunia, mikono mapajani. Laiti angetuuliza tumefika wapi! Kadi ya sauti, kile kipande cha ndani kinachotoa mlio, ilitaka itajiwe namba kamili ya njia yake ndani ya mashine, nasi hatukuijua. Tukijaribu namba isiyo yake, mashine iliganda. Tunazima, tunawasha, diski inakaguliwa, mama mwingine anaingia na debe. Likizo ilikwisha hivyo, nikawa naenda baada ya shule na sare yangu ya buluu. Nilichoka, rafiki yangu. Jioni nilikuwa nasinzia na tonge la obusuma mkononi, na ndotoni nilisikia injini.

Siku ya siku ilikuwa ya mvua. Nilikuwa nikipitia tena ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla mashine haijaamka, ndipo nikaona namba tuliyokuwa tukiipa kadi ya sauti imekaliwa na printa. Printa yenyewe hatukuwa nayo! Katika soko zima hapakuwa na printa. Mwalimu alicheka kwa hasira, tukamfukuza huyo mgeni asiyekuwepo, tukawasha. Spika zikakwaruza.

Mwenye poshomili alisikia ule mkwaruzo. Bila kuambiwa na mtu, akashusha swichi kubwa ya injini. Akina mama wakakalia madebe yao. Sijawahi kusikia mahali pale pakiwa kimya vile.

Kikohozi kidogo kilitangulia. Kisha: "Mama, mulembe."

"Mulembe muno, mwanangu," Kukhu akajibu, kama vile amemkuta kwenye kijia cha mtoni.

Baba mdogo akaeleza baridi ya huko, na chakula kisicho na ladha, na jinsi alivyotamani ingokho, kuku wa nyumbani. Akasema likizo atakuja na mashine hii, amfundishe mama yake namna watakavyokuwa wakisalimiana kwayo akiwa ng'ambo. Halafu, labda kwa kujaribu mambo yatakavyokuwa, akauliza, "Mama, uko?" Akanyamaza, akingoja.

"Niko," Kukhu akasema. "Niko hapa."

Baba mdogo akacheka, akaaga. Nilitaka kurudia tangu mwanzo, lakini Kukhu akanishika mkono. "Wacha. Ametoka mbali, amechoka." Akajifuta uso kwa ncha ya leso, akamgeukia mwenye poshomili. "Saga sasa, watoto wa watu wana njaa."

Hakuomba kuisikia tena mpaka alipofariki. Diski ya laptopu ile ilikufa, poshomili imekuwa duka la simu, na mwalimu alihamishwa, sikumwona tena. CD ninayo.

Ndiyo iliyonifanya ninunue laptopu mpya juzi. Niliigeuza pande zote, chai ikapoa kweli. Haina mahali pa kuingiza CD. Najua kuna kifaa cha kuunganisha pembeni, na nitakitafuta, na huenda baba mdogo akazungumza tena. Atauliza, "Mama, uko?" na baada ya hapo patakuwa kimya, kwa sababu siku ile sauti ya Kukhu hakuna aliyeinasa, na sasa ndiyo inayonitoroka.