Kuonana na Daktari Makaburini

Verna Stidham alikuwa amechoka kabla siku haijaanza. Alimvalisha mumewe koti, akamfunga kamba za viatu kwa sababu Delmer akiinama pumzi humwishia, akaipakia chupa ndogo ya oksijeni kwenye pikapu. Kiti cha kukunja alikitupa nyuma. Mkate wa mahindi uliobaki jana aliufunga kwenye kitambaa, maana wakizungushwa tena leo, angalau wasizungushwe wakiwa na njaa.

Kuchimba makaa ya mawe kulikuwa kumemjaza Delmer vumbi kifuani. Mashine iliyomsaidia kupumua nyumbani ililipiwa na bima, na bima ilikuwa imesema wazi: daktari asipomwona mgonjwa kabla wiki haijaisha, mashine inachukuliwa. Daktari alikuwa mjini, safari ambayo ile chupa ndogo ingeisha kabla hawajafika hata nusu yake. Hospitali ya karibu ilifungwa zamani, siku hizi ni ghala la matairi. Ikabaki kuonana kwenye simu, na hapo sheria za jimbo zikaingia kati. Simu ya sauti tupu bima hailipi; lazima daktari na mgonjwa waonane kwa picha. Na mgonjwa lazima awe ndani ya jimbo saa ile ile. Akiwa amevuka mpaka, hata kwa unyayo mmoja, bima hailipi. Waliokaa mezani wakayatunga haya, Verna alikuwa na hakika, hawajawahi kuishi katika mabonde ya milima ya Apalachia, huku Marekani, ambako mtandao haushuki na simu inayosikika ni ile ya mezani tu.

Mtandao ulipatikana juu mlimani, kwenye uwanja wa kanisa lao. Juzi walikwenda huko. Mambo yalienda vizuri mpaka muuguzi alipouliza, kama anavyotakiwa kumwuliza kila mgonjwa, "Baba, uko wapi sasa hivi?"

"Kanisani," Delmer akasema.

"Kanisa gani?"

Akalitaja. Alikuwa shemasi pale, na shemasi akiulizwa alipo, husema alipo. Muuguzi akabofyabofya kompyuta yake, kisha sauti ikapoa. "Baba, hilo liko jimbo jirani."

"Jimbo jirani la wapi? Mimi nimebatizwa hapa. Mama yangu kazikwa hapo nyuma."

"Nakuelewa, baba. Ila daktari hawezi kuendelea. Samahani sana."

Bondeni kwao hakuna aliyewahi kujali mpaka unapita wapi. Watu wameoana, wamezikana na wamegombana, wakiuvuka bila kuuwaza. Verna alimfokea mumewe njia nzima.

"Ungesema uko nyumbani, ungekufa?"

"Nidanganye uwanjani mwa kanisa, Verna? Tena wewe ukinisikia?"

Verna akanuna. Baadaye hata kununa kukamchosha.

Leo alikuja na wazo ambalo yeye mwenyewe hakulipenda. Kaka yake, aliyewahi kufanya kazi ya kupima ardhi, alimwambia kuwa mpaka unakatiza nyuma ya kanisa, na kipande cha juu cha makaburi kimeangukia upande wa jimbo lao. Huko ndiko yeye na Delmer walikonunua sehemu yao ya kuzikwa, kama wafanyavyo wengi wa pale wakishapata wajukuu. Jiwe lilikuwa limeshasimamishwa: jina lake, jina la Delmer, tarehe za kuzaliwa, na kando yake nafasi tupu ya tarehe za kufa. Kila majira ya kuchipua Verna huliosha na kuliwekea maua mapya ya plastiki.

Wakapanda polepole. Delmer alisimama kila baada ya makaburi machache, akijifanya anasoma majina. Verna alikifungua kiti mbele ya jiwe lao, akamketisha, akainua simu. Mtandao ukashika.

"Pazuri hapa," Delmer akasema huku akihema. "Majirani hawana makelele."

"Nyamaza bwana, tunza pumzi."

Muuguzi alikuwa yule yule. "Baba, uko wapi sasa hivi?"

"Ndani ya jimbo, binti yangu. Niko kwenye kiwanja changu, na nimeshakilipia."

Daktari akatokea, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi. Aliuliza habari za kikohozi, akamwambia Delmer avute pumzi, aachie, avute tena. Kisha macho yake yakapanda juu ya bega la Delmer, yakatulia hapo. Verna alijua anasoma nini. Alitamani kuigeuza simu, lakini mtandao ungekatika, akaiacha. Aibu ikamwenea mwili mzima, kama vile yeye ndiye aliyekosa.

"Bwana Stidham," daktari akasema taratibu, "hapo ulipo, uko sawa?"

"Ndipo wanapotaka niwe, Daktari."

Daktari akainamisha kichwa, akaandika kwa muda. "Mashine inabaki," akasema. "Tutaonana tena baada ya miezi mitatu. Sheria inataka hivyo."

Baada ya miezi mitatu kutakuwa na theluji. Verna aliutazama mteremko, akaona tayari atakavyomkokota mtu huyu kuupanda.

"Kiache kiti hapa hapa," Delmer akasema. "Si nitarudi tu, kwa hili au kwa lile."

Kukiacha kungekuwa nafuu. Mkono mmoja ulikuwa wa kumshika mume, wa pili wa kubeba chupa, na mabega yalikuwa yanamuuma tangu jana. Verna akakikunja, akakibana kwapani. Hakuwa tayari kuacha kitu chochote cha Delmer pale.